Kamba za Kupimia Miguu

Mimi huuza viatu vya watoto hapa Garissa, katika kibanda alichoniachia mama, na sina haja ya kupamba maneno: Idi ya sokoni imekufa. Nasikia watu wakisema imebadilika. Imebadilika nini? Imekufa, tena nikiangalia.

Enzi za mama, siku za mwisho za Ramadhani zilikuwa siku za bei ya Idi. Kila mwenye duka alishusha bei na kupaza sauti, na kina mama waling'ang'ania gauni moja mpaka mshono ukaachia. Wafugaji walikuja kutoka Kotile. Watoto walibaki na mbuzi, kwa hiyo kila baba alitia kamba mfukoni, moja kwa kila mtoto, imekatwa sawasawa na unyayo wake. Mama aliilaza kamba ndani ya kiatu. Ikijikunja, alitafuta kikubwa zaidi. Kamba za wasichana zilipigwa fundo. Baba mmoja alisahau fundo ni la nani, akasimama anajikuna kichwa, nami nikacheka mpaka mama akanifinya.

Siku hizi soko ni simu. Mtu anachagua nguo akiwa amejilaza, Nairobi wanafunga mzigo, basi linaushusha kesho yake. Mwaka huu niliandika BEI YA IDI kwa chaki mlangoni, nikashusha bei mpaka nikajihurumia. Mwenye jengo ninayemlipa kodi alikuwa ameshaniambia kuna kijana fundi wa simu anakitaka kibanda, na nisipouza Idi hii nimpishe. Eti simu! Nikakaa na saumu yangu, kazi kufukuza nzi.

Idi ikiwa imekaribia kabisa, akaja mzee wa Kotile, mteja wa mama tangu nikiwa mdogo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kamba. Wallahi, moyo uliniruka.

"Adeer, karibu, karibu!" nikamwita ami kwa Kisomali, kama nilivyozoea, nikamsogezea kiti. "Za wajukuu hizo?"

"Za wajukuu. Wamezaliana, alhamdulillahi."

Nikapima kamba moja moja kama mama. Nikamchagulia viatu vyenye soli ngumu, visivyoogopa miiba, nikavipanga mezani. Akavigeuza, akavisifu. Kisha akaniuliza namba iliyo chini ya kila kiatu, na kila nilipoitaja, aliirudia kwenye simu yake kwa sauti kubwa.

"Unamwambia nani, adeer?"

"Binti yangu, yuko Nairobi. Ananunua huko kwenye simu, basi la kesho linaleta. Lakini wanataka namba, na sisi tunajua kamba tu. Nikamwambia, twende kwa binti wa marehemu, yule hatatudanganya."

Ningemtukana, lakini kwa lipi? Hakuwa na ubaya hata chembe. Alikuwa ananitazama kwa mapenzi kabisa, anangoja, maana kamba moja ilikuwa bado mkononi mwangu, ile yenye fundo. Nikailaza ndani ya kiatu, nikaona haijikunji, nikamsomea namba.

Akaniombea dua ndefu kwa ajili ya mama, akaenda zake. Nikarudisha viatu kwenye maboksi yake, nikampigia simu yule kijana fundi, nikamwambia aje apime kibanda.