Mkanda Wangu Kwenye Kamba ya Katani

Nichekeni tu, wanafunzi wangu wa kidato cha sita pale Same walishanicheka zamani.

Soko huria lilikuwa limetuletea mitumba tele, lakini vifaa vya kufundishia hakuna. Siku hiyo nilifundisha jinsi seli inavyonakili DNA. Kuna pete ya protini inayouzunguka uzi wa DNA na kuteleza juu yake, ikikishika kimeng'enya kinachonakili kisichomoke. Pete hiyo haijivishi yenyewe. Kuna mashine ndogo inayoifungua, inaivisha kwenye uzi, inaifunga, kisha inaachia na kwenda zake.

Nikafunga kamba ya katani kutoka dirisha hadi dirisha. Pete sina, basi nikavua mkanda wangu, nikauzungusha kwenye kamba na kuubana. Ukateleza vizuri mno! Nikasahau kwamba suruali yangu ya mtumba ilikuwa ya mtu aliyeshiba huko Ulaya. Nikaidaka kwa mkono wa kushoto, somo likaendelea.

Ndipo akaingia mzee kutoka Vudee, baba wa binti niliyepeleka posa kwao wiki ile. Alikuja kumwona mkwe akiwa kazini. Akanyoosha mkono, na baba mkwe hapewi mkono mmoja.

"Shikamoo, baba," nikasema, mikono yote miwili mbele.

"Marahaba," akajibu, macho yake yakiifuata suruali hadi viatuni.

Kisha Nakijwa, mwanafunzi wangu bora, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, sasa tumeelewa. Ikishafunga pete, inaachia."