Mchumba Asipitwe

Kila matokeo yakitoka, ofisini kwetu husemwa maneno yale yale: wasichana wa kisiwa hiki hesabu hawaziwezi. Nami kila nikiyasikia, damu hunichemka. Mimi ndiye mwalimu wao wa hesabu, mzaliwa wa Wiyoni, papa hapa kisiwani, na najua wanachokiweza.

Shule yetu ni ndogo, na Kidato cha Nne karibu wote ni ndugu. Wavulana hujaza madawati ya mbele. Wasichana hukaa nyuma, tena wachache, na hazipiti siku nyingi ila mmoja wao huolewa. Yule niliyemtegemea kuliko wote alikuwa ameposwa na binamu yake, na binamu mwenyewe yuko darasa hilo hilo, mbele kabisa. Tangu siku ya posa, alama za msichana zilishuka mpaka zikakaa chini ya za mchumba wake. Kila mtihani, chini kidogo tu. Nikadhani ni mapenzi yamemvuruga.

Mchana mmoja nikamkuta kwenye jabia, pale shule inapokinga maji ya mvua, akiwafundisha wenzake kwa kipande cha mkaa ukutani. Swali lilikuwa lile lile alilolikosa asubuhi. Alilimaliza bila kusita.

"Kumbe wajua! Asubuhi ulikuwa wanichezea?"

Akainama. "Mwalimu, nikimpita mbele za watu, shangazi atasemaje?"

Shangazi ndiye mama wa mchumba, na posa ni yake. Jioni hiyo hiyo nikavaa buibui nikaenda kwake. Nilimkuta barazani akisuka ukili wa mkeka. Nikamweleza yote, huku nikijiandaa kufukuzwa.

Akautupa ukili chini. "Yaani nimemposea mwanangu muke wa kujifanya mjinga? Wallahi, hilo silitaki! Mimi nataka wajukuu wenye akili."

Asubuhi yake alikuja mwenyewe mpaka dirishani pa darasa, akamnyooshea kidole msichana mbele ya wote. "We mwana! Ukijua, sema!"

Darasa likaangua kicheko. Mchumba akazama kitabuni, masikio yamemwiva. Lakini msichana hakucheka. Alisimama, akaja ubaoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyemshika, mvulana wala msichana. Niliona fahari, sifichi.

Matokeo ya mwisho yalipotoka, akaitwa chuo kikuu huko bara, kusomea uhandisi. Jina la mchumba halikuitwa popote. Shangazi akaja shuleni macho mekundu.

"Mwalimu, nilisema asome. Sikusema aondoke. Na harusi je?"

Nilimhurumia, maana alikuwa ametenda wema na sasa wamuuma. Nikamvutia kiti, nikamshika mkono. Lakini kurudi nyuma, la.

"Harusi itangoja, mama," nikamwambia. "Mwanao mlete kesho, arudie hesabu."