Chama chetu cha kompyuta pale Kiomboi, mpaka nikabaki peke yangu

Wakuu, heri ya Jumamosi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Miaka mingi nasoma nyuzi zenu, nacheka, napita. Leo nimeona niandike na mimi. Haya yalinitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana baadhi ya wahusika bado wapo na huenda wanasoma humu.

Mimi ni mtu wa Manyoni. Kiomboi nililetwa na kazi, nikiwa mpiga chapa wa ushirika mmoja uliokuwa unanunua pamba. Taipureta nilikuwa naipiga huku naangalia dirishani, vidole vinajua njia vyenyewe.

Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao mpaka shambani kwa mkulima, ushirika ukashindwa kusimama, tukapunguzwa kazini karibu wote.

Wenzangu walirudi makwao. Mimi nilibaki. Wazazi walishafariki, na kwenda kukaa kwa shangazi bila kazi niliona aibu. Nikapanga chumba kimoja, nikawa nafuma sweta za wanafunzi. Kuna siku nilikuwa namaliza siku nzima sijaongea na mtu zaidi ya muuza maziwa.

Hapo ndipo akaja Gyunda.

Gyunda alikuwa tabibu hospitalini. Mradi mmoja wa afya ulipofungasha uliacha kompyuta iliyotumika, akapewa yeye. Kuiwasha alijua. Baada ya hapo alikuwa anaitazama tu. Akasikia kuna dada wa ushirika anajua kuchapa, akaja mpaka mlangoni kwangu.

"Dada, wewe si unajua kuchapa?"

"Najua taipureta, kaka. Hiyo nyingine sijawahi hata kuigusa."

"Basi umeshafika nusu ya njia. Njoo tuiharibu pamoja."

Wakuu, nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilicheka lini.

Akaongezeka Shabani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa maneno mengi na roho safi. Tukaomba chumba nyuma ya kanisa kwa sababu pale palikuwa na jenereta. Shabani ni Mwislamu anayeshika dini yake, lakini mafuta ya jenereta la kanisa alikuwa analeta yeye, na hakuna aliyemwuliza.

Ndiyo kikawa chama. Kila Jumamosi mchana. Hakuna kiingilio, hakuna posho. Anayejua kidogo anamfundisha asiyejua kabisa.

Vijana wakaanza kuja. Waliomaliza sekondari na hawana pa kwenda, walimu wa shule za msingi, hata wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Sekenke wakipanda mjini. Wanakaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu ya kugusa kibodi.

Mjini Singida ikafunguliwa kafe ya intaneti. Sisi kwetu intaneti hakuna, na simu za mkononi bado. Shabani akapata wazo. Tunachapa barua za watu, tunaziweka kwenye disketi, disketi anapewa kondakta wa basi la Singida. Pale kafe shemeji yake Shabani anazituma kwa email. Majibu yanarudi kwenye disketi ileile, kwa basi lilelile.

Msicheke, ilikuwa inafanya kazi! Siku disketi ikirudi chumba kinajaa. Mimi ndiye nilikuwa nasoma majibu kwa sauti. Kuna mzee alisikia kwamba ndugu yake aliyepotelea machimboni yuko hai, akakaa chini palepale kwenye sakafu.

Sijui kama niliwahi kuwa na furaha kama ile. Ingawa, kusema kweli, hakuna barua hata moja iliyokuwa inakuja kwangu. Sikuwa na wa kumwandikia.

Sasa sikilizeni kitu ambacho sikukitegemea. Kijana akishajua vizuri, anaondoka. Huyu kapata kazi Mwanza, yule kaitwa Arusha, mwingine kaenda Dar kubahatisha. Niliyemfundisha kwa moyo zaidi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuaga. Nilikuwa nawasindikiza stendi, napunga mkono, narudi kukunja nyaya.

Gyunda akahamishwa kwenda Rukwa, kompyuta akatuachia. Shabani akahamia Singida, kafungua duka la stationery. Kila mmoja alisema tutaendelea kuwasiliana.

Nikabaki na ufunguo.

Niliendelea kufungua. Napanga mabenchi, nawasha kompyuta, nakaa. Nje nasikia kwaya inafanya mazoezi. Jioni nazima, nafunga. Jumamosi nyingi zilipita hivyo.

Siku moja akaingia mama mmoja mtu mzima, kajitanda kanga, viatu kavulia mlangoni. Nikasimama.

"Shikamoo mama. Karibu, umekuja kujifunza?"

"Marahaba. Hapana. Mimi ni mama yake Yona. Nimekuja kuona mahali mwanangu alipokuwa anakaa."

Yona nilimfundisha mimi. Kijana mwepesi kuelewa, mcheshi. Alikwenda Dar na tangu hapo kimya. Nikamwonyesha benchi la mbele. Akakaa, akapapasa mbao kwa kiganja.

Halafu akaniambia, bila ukali: "Wewe ndiye uliyemfundisha mpaka akaondoka."

Nikamwuliza kama anataka tumwandikie, maana Yona aliniachia anwani yake ya email. Akaanza kusema, Kiswahili kinachanganyika na Kinyiramba, mimi nachapa. Ng'ombe kazaa. Mtama umekubali. Mlango wa chumba chako sijaufunga.

Disketi ikaenda. Ikarudi tupu.

Jumamosi iliyofuata akaja tena. Tukaandika tena. Ikarudi tupu. Akaendelea kuja, na mimi nikaanza kubandika chai mapema nikimsubiri. Baadaye kafe ya Singida ikafungwa, na kompyuta yetu ikafa kabisa, kanisa likakitaka chumba chake. Nilipomweleza mama akasema tu, "Basi Jumamosi uje kwangu."

Nikaenda. Nikaendelea kwenda miaka yote hii. Tunapepeta alizeti, tunakunywa chai, wakati mwingine hatuongei. Simu zilipofika Yona alipiga, akawa anapiga mara mojamoja, na mama ananipa simu nimsalimie.

Mama Yona tumemzika juzijuzi.

Msibani wanawake jikoni waliniuliza, "Dada, wewe ni nani kwa marehemu?" Nikasema jirani. Nakaa upande mwingine kabisa wa mji, lakini ningesema nini? Wasifu uliposomwa, watoto na wajukuu walitajwa wote, nami nikasikiliza nikiwa nimesimama nyuma.

Baada ya mazishi Yona alinifuata. Ana mvi sasa.

"Dada, zile email zilifika. Nilizisoma zote. Sikuwa na kazi, nilikuwa nalala kwa watu. Ningemwambia nini mama?"

Nikamwambia, "Ungemwambia umesoma." Akalia, nami nikalia. Sikumchukia. Kesho yake nilimsindikiza stendi.

Nilichojifunza wakuu: kumfundisha mtu akaenda mbali si hasara, na leo nikiambiwa nianze upya ningeanza. Lakini anayebaki naye ni mtu. Kama kuna aliyewahi kukufundisha kitu bure huko ulikotoka, mpigie, hata kama huna la maana la kumwambia.

Nanyi mliopitia vikundi kama hivi, Ilongero, Itigi, popote, semeni kilichotokea kwenu. Na kama kuna aliyewahi kukaa kwenye mabenchi yale ya Kiomboi, ajitokeze hapa nimsalimie.

Nitasoma kila comment. Leo ni Jumamosi, na sina pa kwenda.