Nusu ya Mikono Yangu

Nichekeni, lakini kosa si langu peke yangu. Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa boma Singida, na jioni klabu yetu ilikuwa ikiogelea Ziwa Kindai. Wiki moja kabla ya kushindana na timu ya Manyoni mbio za kupokezana, kiongozi wetu, Mwalimu Petro, alinifokea.

"Karani, unajichosha bure. Unapiga mikono mingi mno! Punguza."

"Nipunguze kiasi gani, Mwalimu?"

"Nusu."

Mimi nina mikono miwili. Nusu yake ni mingapi? Nikafanya mazoezi peke yangu kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeubana pajani, huku nikimeza maji kama ng'ombe.

Siku yenyewe zamu yangu ilifika tukiwa tunaongoza. Nikajitupa ziwani, nikazunguka kama pia. Nilipofika ufukweni, watu wa Manyoni walikuwa wameshavaa mashati.

Mwalimu aliingia majini na viatu vyake.

"Mkono umevunjika?"

"Mzima kabisa! Si uliniagiza nipunguze nusu?"

Akashika kichwa mbele ya boma zima.

"Mapigo, karani! Nilisema mapigo!"

Hakusema mapigo. Naapa hakusema. Lakini nani angenisikia, kwa vicheko vile?