Diski ya Mama Zuhura Kwenye Kompyuta Yangu

Skrini yangu ilikuwa nyeusi tii, kamati ya harusi inasubiri kadi za mchango, ndipo jirani yangu Mama Zuhura alipoingia akaiona diski yake ikichungulia kwenye kompyuta yangu.

Tangu kiwanda tulichofanyia kazi kibinafsishwe tukafukuzwa, nachapa kadi hapa Mwembesongo. Skrini yangu ilifubaa. Ya Mama Zuhura, naye anayechapa kadi duka la jirani, inang'aa kama kanga mpya, na wateja wananipita. Wivu ukanishika. Fundi Beda, aliyeniuzia kompyuta hii kuukuu, akasema, "Weka diski ya draiva tu, ile programu inayoendesha skrini, rangi zitarudi." Nikaichukua ya jirani kimyakimya, nikaiweka, skrini ikazimika kabisa.

"Baba Neema, kila mashine na draiva yake!" Mama Zuhura akacheka. "Si ungeniuliza?"

Kamati ikamfuata dukani kwake.

Beda, uliyajua hayo ukanyamaza. Njoo uwaambie wanangu watakula nini.