Leso ya Mwimbaji Wetu

Jumamosi nilikuwa dukani Changamwe. Gramafoni ilikuwa ikipiga santuri mpya ya binti wa hapa hapa, aliyeanza kuimba harusini na sasa yuko na bendi ya jazi Nairobi. Mamake, aliyekuja kununua mafuta ya taa, akavua leso yake ya juu akaivisha gramafoni, kama mwimbaji atuzwavyo ngomani. Sauti ikafifia.

"Mama, wamziba!" akalalamika mwenye duka.

"Namtuza. Mwanangu haimbi akaondoka hivi hivi."

Wimbo ulipokwisha, akarudishiwa leso. Akaisukuma. "Niwekee. Atakuja kuichukua mwenyewe."

Sisi tuliozoea kunong'ona kwamba binti yule kapotea, sote tukajitia kutazama sabuni.

Jana nilipita tena. Leso ingali pale, imetundikwa ukutani, na mteja akiuliza bei, mwenye duka hujibu kifua mbele: "Haiuzwi. Ya mwimbaji wetu."