Waliosimama Nyuma ya Shuka

Oya nyie, sogezeni viti karibu, na mwenye kicheko akimalize sasa hivi, mbele ya safari hakuna pa kukiweka. Najua mnanijua. Mimi ndiye niliyesema nyuki wa Usinge wananyanyua mbuzi. Haya, pale nilizidisha chumvi, alikuwa mtoto wa mbuzi tu. Ila hili la leo sijaongeza hata punje. Nililiona kwa macho yangu haya mawili, na ningekuwa nayo matatu ningelia kwa yote.

Mimi na mwenzangu Shomari tulikuwa tunazunguka vijijini kuonyesha picha. Projekta, jenereta, spika na shuka jeupe la kitandani, vyote tunapakia kwenye toyo, pikipiki yetu ya miguu mitatu. Shomari ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi wa Itetemia. Watani! Tangu mababu zetu wanabeba pembe za ndovu kwenda pwani, Mzaramo anamtukana Mnyamwezi hata msibani, na hakuna kununa. Lakini utani una sharti lake: ukimwahidi mtani kitu, hata kwa mzaha, unatoa.

Basi tukafika kijiji kimoja njia ya Usinge, giza ndo linaingia. Shuka tukalifunga kwenye miti miwili, likakingama kwenye kinjia cha zamani walichokuwa wanapita wapagazi. Kwa nini pale? Palikuwa peupe, basi! Jenereta likaanza kukohoa, nadhani hata Bukene walilisikia. Tukaweka filamu ya ngumi. Watu wamejaa mbele, wanapiga vigelegele.

Sasa, shuka linaonyesha pande zote mbili. Wasiopenda kulipa hukaa nyuma, wanaiona picha imegeuka, wapiganaji wote wanatumia shoto. Tumeshazoea. Shomari akanigusa bega.

"Mtani, ndugu zako wamejaa kule nyuma. Wanyamwezi na cha bure, nyie!"

Nikachungulia. Jamani.

Walisimama mstari mmoja, huyu nyuma ya huyu, mpaka mwanga wa picha ulipokomea. Wanaume, vifua wazi, mizigo mirefu begani. Hakuna aliyekaa. Hakuna aliyekohoa. Mbu wa kule wanaweza kumtoa ng'ombe zizini, ila hakuna hata mmoja aliyejipiga kofi. Na filamu hawakuwa wanaiangalia, niamini. Walikuwa wanasubiri tutoe shuka wapite.

Nilitaka kumshika Shomari shati, nikachelewa. Yeye huyo, keshawafuata, anadhani watu wanatoka mnadani.

"Enyi watani zangu! Mnaangalia bure na mizigo begani kama punda? Si mtue! Au mnamngoja Mzaramo awapokee?"

Wa kwanza akageuza shingo taratibu. Bega lake lilikuwa na sugu kubwa kama ngumi. Akasema, sauti kavu kama majani ya tumbaku:

"Tupokee, mtani."

Na Shomari, mdomo huo, akacheka akainamisha bega. "Lete!"

Nikasikia mfupa wa Shomari umelia, kah! Mzigo sikuuona tena. Yule mtu akanyooka, akavuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu ambaye hajapumzika tangu babu yangu hajazaliwa, akapotea. Jenereta likazima. Shuka likapasuka kutoka chini hadi juu, na wengine wote wakapita katikati yetu gizani. Sikuwaona, nilinusa jasho na vumbi tu. Mbele watoto wakaanza kulia.

Shomari tulimkuta kapiga magoti. Mpaka leo bega moja limeshuka, lina sugu. Hospitali walimpiga picha, wakasema hana kitu. Hana kitu! Kwa nini basi kitanda kimebonyea upande ule? Kila jioni anageukia mashariki, njia ya pwani, anaanza kutembea, mkewe anamfunga na khanga. Anakonda, mgongo unapinda. Tulirudi pale kijijini, tukaita, "Watani, chukueni chenu!" Nani achukue? Mwenyewe keshapumzika.

Kwa hiyo wewe unayeonyesha picha nje, kabla hujawasha, zunguka utazame nyuma. Ukikuta watu wamesimama, shusha shuka, kaa pembeni, waache waende zao. Na utani, ndugu yangu, ufanye na mtu anayepumua.

Juzi nilienda kumjulia hali. Kalala kifudifudi, mbavu unazihesabu. Moyo ukaniuma, nikataka nimchekeshe kidogo. Nikamwambia, "Mzaramo, kumbe nyie ni legelege hivi? Mzigo huo Mnyamwezi anaubeba huku anapiga mluzi!"

Macho yakamwaka. Akainua kichwa, akacheka, cheko la kwanza tangu siku ile, akasema:

"Asante, mtani. Leta bega."